Manyoya Kwenye Kiti cha Dada

Jumatatu, 2 Juni
Ghorofa ya tatu, kwa binti yangu

Mdogo wangu,

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu mbili. Ya kwanza, simu yako umeiogesha pamoja na mbwa. Ya pili, hapa kwa binti yangu simu naisemea sebuleni, na binti yangu hapitwi na neno. Barua nampa dereva wa gari la maziwa. Anapita hapa kila asubuhi na huko kwetu kila mchana, na mdomo wake umefungwa kuliko tangi lake.

Hospitali wameniruhusu tangu Ijumaa. Kifua kimelegea lakini hakijaachia. Sasa sikiliza. Binti yangu amesema Jumamosi ya tarehe 21 anakuja kuikagua nyumba. Akikuta manyoya kwenye kiti changu, au harufu ya mkojo wa paka kwenye korido, basi mbwa Karani na paka Hakimu wanatafutiwa watu wa kuwachukua, nami nabaki hapa ghorofani. Si kwa mwezi mmoja. Ni mpaka nizikwe.

Mimi hapa siwezi. Dirisha linafunguka upana wa kiganja. Hakuna pa kumwaga ndoo ya maji. Nikikaa nasimama, nikisimama nakaa. Mtu aliyekuwa dobi wa hosteli ya wauguzi miaka ishirini na sita, leo anafuliwa nguo na mashine iliyo jikoni, na haruhusiwi hata kuigusa.

Kwa hiyo fanya hivi. Karani mchane nje kila asubuhi, manyoya yabaki uani yasiingie ndani. Muogeshe mara moja kwa mwezi, basi. Ndani usifagie kwa ufagio mkavu, unarusha manyoya hewani. Pangusa kwa kitambaa chenye unyevu. Hakimu akikosea, kandamiza kwa kitambaa kikavu mpaka kinyonye, usisugue, kisha siki na maji nusu kwa nusu. Klorini usiiguse. Kinyesi cha mbwa okota kila siku, usingoje kiwe kingi ndipo ufanye sherehe. Mchanga wa paka badilisha wote kila Jumatano. Fungua madirisha asubuhi. Na sigara zako ni nje ya lango, kama tulivyokubaliana.

Soma mara mbili. Nakujua: unasoma mstari wa kwanza na wa mwisho, katikati unajitungia.

Dada yako

*

Jumatano, 4 Juni
Nyumbani kwako, chini ya usimamizi wangu

Dada,

Barua imefika. Kurasa mbili za usafi, unaniandikia mimi. Ni kama kumfundisha samaki kulowa.

Umesahau nilipokuwa kule kambini nikakabidhiwa mabanda ya mbwa arobaini? Siku ya kwanza yalinuka mpaka ndege walikuwa wakifika juu ya kambi wanakata kona. Siku ya tatu sakafu iling'aa hivi, mbwa wakaangalia chini, wakaona mbwa wengine arobaini, wakaanza kubweka wote pamoja, mkuu wa kambi akatoka na nguo za kulalia akidhani tumevamiwa. Alinipa mkono. Mkono wenyewe haujapona mpaka leo. Na hapo darasa la sita nilikuwa sijalimaliza, sijui ningelimaliza ingekuwaje.

Kuhusu simu, sikuiogesha. Ilijitupa yenyewe.

Hali ya nyumba ni hii. Karani namuogesha kila siku, asubuhi, kwa sabuni ya unga ile ya bluu. Mara moja kwa mwezi ni kwa mbwa wa watu waliokata tamaa. Hakimu alikosea juzi pale korido, karibu na mlango wa chumba chako. Nilimimina klorini chupa nzima. Harufu ilikimbia. Hata mimi nilikimbia kidogo, macho yakinitoka machozi, lakini nilirudi.

Sigara ni nje ya lango. Lango lenyewe limeanza kukohoa.

Binti yako mwambie aje hata kesho. Nywele za mbwa atazitafuta kwa darubini.

Mdogo wako, Hodari

*

Ijumaa, 6 Juni

Wewe bwana,

Nimesoma barua yako nimekaa chini, na kukaa chini hakukutosha.

Klorini nilisema usiiguse. Unajua kwa nini? Kwa pua ya paka, harufu ile ni kama paka mwingine amepita hapo akaacha salamu. Hakimu atarudi pale pale kumjibu, kesho na kesho kutwa. Na mkojo ukikutana na klorini inatoka hewa ya sumu. Hayo machozi yako hayakuwa ya ushujaa. Mwagia maji mengi, fungua milango yote miwili ya korido, toka nje nusu saa nzima, ndipo urudi na siki. Usichanganye vyote kwa pamoja kama mchuzi.

Sabuni ya unga ni ya shuka. Shuka haina ngozi. Mbwa ukimwosha kila siku unamwondolea mafuta yake, atawashwa, atajikuna, na manyoya yatapukutika mara mbili. Acha leo hii. Leo, sio ukimaliza pakiti.

Jana binti yangu kaniuliza, "Mama, unamwandikia nani?" Nikasema naandika orodha ya nguo. Akaniangalia tu. Meza yake nimeipangusa mara nne tangu asubuhi na haina kitu. Usiku sipati usingizi, najiuliza madirisha umefungua au hukufungua.

Nijibu kwa ufupi. Nyumba ikoje? Nataka neno moja.

Dada yako

*

Jumanne, 10 Juni

Dada,

Neno moja: inang'aa. Sasa niongeze machache, maana neno moja halimtoshi mtu kama mimi.

Hakimu ameonekana kupapenda pale korido. Amepafanya kama ofisi. Anafika asubuhi, anafika mchana, lakini ni mpito tu, paka ana vipindi vyake. Karani amekuwa maridadi kiasi kwamba ukimtazama vizuri unaiona ngozi. Majirani wanasimama kwenye uzio kumwangalia. Mmoja kauliza ni mbwa wa aina gani. Nikamwambia ni aina ya kigeni.

Kiti chako nimekitoa nje kikapigwe na jua. Nilikipiga na ubao pia. Vumbi lililotoka lilifunika jua, kuku wa jirani wakarudi bandani kulala saa nne ya asubuhi.

Swali dogo: lile shuka lako la kutandika kitandani, la zambarau, ulikuwa unalipenda sana, au kiasi? Nauliza tu. Sasa lina mawingu meupe, na wengine wangelipia kupata mawingu kama hayo.

Klorini nilikuwa nimenunua chupa sita kwa pamoja, kwa hiyo unaelewa.

Usihangaike. Kuhangaika kunabana kifua.

Hodari

*

Alhamisi, 12 Juni
Kutoka kwa jirani yako, fundi cherehani

Dada jirani,

Pole na kuumwa. Mimi si mtu wa maneno, wewe wanijua, mdomo wangu una pini saa zote. Lakini hili lisipotoka litanichoma.

Mbwa wako anajikuna tangu jua linachomoza. Ana mabaka mekundu mgongoni, na manyoya yake yanavuka uzio kama pamba. Juzi nimeanika gauni jeupe la mteja, nimelianua lina ndevu. Nikamwita kaka yako, nikamwambia, "Jirani, mbwa wako anakwisha." Akaniambia, "Anabadilisha koti." Nikamwambia, "Na paka?" Akasema, "Paka yuko kazini."

Niliingia kumletea chumvi. Korido ile ukipita unashikilia pua kwa mkono mmoja na ukuta kwa mkono wa pili. Mkojo na klorini vinagombana humo ndani, na hakuna anayeshinda.

Halafu, dada, anavuta sigara jikoni. Nilimkuta kasimama kando ya beseni la vyombo. Anasema moshi unaua harufu ya paka. Nikamwuliza, "Dada yako anajua?" Akasema, "Dada yangu anajua kila kitu, ndiyo maana simwambii."

Si mvivu. Hilo nitamtetea. Tangu alfajiri yuko magotini na brashi. Anafanya kazi ya watu watatu, na kila mmoja wao anakosea.

Ugua pole. Hii barua uichane.

Fundi

*

Jumamosi, 14 Juni

Mdogo wangu,

Usiniulize nani kaniambia. Najua habari za mabaka, za korido, na za jikoni.

Zimebaki siku saba. Sina nguvu ya kukugombeza, pumzi yenyewe naihesabu. Chupa za klorini zilizobaki mpe mtu wa hoteli. Mbwa asiguswe na maji tena. Mpake mafuta ya nazi kwenye mabaka, kidogo kidogo. Hakimu mfungie stoo na mchanga wake siku tatu, korido ioshwe kwa siki mpaka yeye mwenyewe asipapate. Na jikoni, kaka, nakuomba. Sikuamuru. Nakuomba.

Binti yangu ameanza kuongea na watu kuhusu wanyama. Nimemsikia akisema "mbwa mpole, hana shida." Kama anauza baiskeli.

Dada

*

Jumatatu, 16 Juni

Mjomba, shikamoo.

Natumaini u mzima. Nakuandikia kukuarifu ili usije ukashtuka. Nafika Jumamosi saa tatu asubuhi. Nimepata mlinzi wa ghala atakayemchukua Karani, na mwenye duka la nafaka atakayemchukua Hakimu kwa ajili ya panya. Ni watu wazuri. Naomba uwe umewaandaa.

Najua mama anasubiri matokeo ya ukaguzi, na sitaki kumvunja moyo kabla ya siku, lakini kwako wewe nasema wazi: sioni kama ukaguzi utabadilisha kitu. Daktari alisema kifua cha aina hii kinaharibiwa na mambo mawili hasa, moshi na manyoya. Akamwuliza mama mbele yangu, nyumbani kuna mtu anavuta sigara? Mama akasema hakuna. Akasema ndugu yake aliacha miaka mitatu iliyopita. Nilifurahi kusikia, mjomba, sikuwa najua, hongera. Basi kama moshi haupo, yamebaki manyoya.

Najua wanyama hao ni kama watoto kwake tangu baba alipofariki. Lakini bora alie kwa mbwa kuliko sisi tulie kwake.

Mpwa wako

*

Jumanne, 17 Juni

Mpwa wangu, marahaba.

Barua yako nimeisoma yote. Nasema hivyo kwa sababu kwa kawaida huwa naruka katikati.

Nilianza kukujibu jana. Nilianza na kisa cha daktari mmoja wa mifugo niliyemfundisha kazi. Kisa ni kizuri na siku moja nitakupa. Nikakichana. Nikaanza kingine, nacho nikakichana. Dereva wa maziwa alisimama langoni akapiga honi, nikamwambia apite, arudi leo.

Mimi sijaacha sigara. Sijaacha miaka mitatu, sijaacha hata siku tatu. Tulikubaliana na mama yako nivute nje ya lango. Nilivuta nje ya lango wiki mbili, ikanyesha mvua, nikasogea barazani. Kutoka barazani nikasogea jikoni. Mama yako alikuwa akifungua madirisha bila kusema kitu, nami nikajisemea kwamba anapenda hewa. Usiku akikohoa nilikuwa namgongea ukuta namwuliza, "Dada, ni mbwa?" Naye anasema, "Ni mbwa."

Tangu mama yako alipokwenda hospitali nimevuta humo humo ndani kila siku, pakiti nzima. Juu yake nimemwaga klorini chupa tano. Karani alikuwa mzima nilipokabidhiwa; mabaka ni ya mikono yangu. Hakimu alikuwa na adabu zake; mimi ndiye niliyemchanganya.

Ukimpa mlinzi yule mbwa, mama yako atarudi kwenye nyumba yenye mimi. Hicho ndicho ninachotaka ukijue kabla hujafika. Mwambie daktari. Kama ni lazima mtu atoke humu, anza na mwenye miguu miwili.

Mama yako usimgombeze kwa kusema vile. Alijua nikitoka hapa sina pa kwenda.

Mjomba wako

*

Alhamisi, 19 Juni

Wewe,

Nani alikutuma kusema?

Binti yangu ameingia chumbani na barua yako mkononi, amesimama mlangoni. Nimemlea yule kwa fimbo ya kusema ukweli. Leo ananiangalia mimi kama nimeiba. Akaniuliza, "Mama, ulimwongopea daktari kuhusu pumzi yako mwenyewe?" Nikamwambia daktari ana wagonjwa wengi na mimi nina ndugu mmoja. Akatoka. Akarudi. Akatoka tena. Sasa tuko wawili wa kutotulia humu ndani na chumba ni kimoja.

Mwaka mzima nimelipanga jambo hili kichwani. Mbwa na paka hata wakitolewa watalishwa mahali. Wewe nani angekulisha? Ulidhani sijui ulikuwa unavuta wapi? Mapazia nayafua mimi.

Nimekasirika sana na sijui kwa nini kifua leo ni chepesi. Pengine ni dawa.

Ameshampigia daktari. Sijui wamesemezana nini. Hataki kuniambia mpaka arudi kutoka huko. Uwe umeoga. Na usimsimulie habari za kambi.

Dada yako

*

Jumatatu, 23 Juni

Dada,

Najua unasubiri, kwa hiyo naanza na mwisho, katikati utaikuta: unarudi. Jumamosi hii, tarehe 28. Binti yako alitaka akwambie mwenyewe jana, lakini nilimwomba aniachie, na amekubali mpaka barua hii ifike. Ninavyomjua, kesho atashindwa.

Alifika Jumamosi saa tatu kasorobo. Kanisalimia, kavua viatu mlangoni, kaanza na korido. Alipiga magoti akanusa sakafu. Binti msomi, magotini, pua chini. Fundi alikuwa kwenye uzio anajifanya anatafuta sindano. Korido nilikuwa nimeiosha kwa siki siku nne, na Hakimu alikuwa stoo. Binti akainuka, akasema, "Hapa pananukia kachumbari." Nikasema ndiyo.

Akaenda kwenye kiti chako. Akapitisha kiganja toka juu mpaka chini, akakigeuza. Manyoya matatu. Nilitaka kumwambia ni mawili.

Akaja jikoni, akafungua kabati, akanusa pazia. Pazia nilikuwa nimelifua mara mbili na bado alikunja uso. Akaniuliza, "Mjomba, leo umevuta ngapi?"

Nikasema, "Hakuna."

"Jana?"

"Nusu. Barabarani, kule kwenye nguzo. Nilipofika nusu nikaona aibu, nikaizima."

"Na juzi?"

"Juzi usiulize."

Akacheka kidogo, halafu akakasirika kwa sababu amecheka. Akanieleza alivyosema daktari. Kwanza moshi utoke na klorini itoke, mwezi mzima, ndipo wapime tena kifua chako. Wanyama wabaki mwezi huo, lakini wasivuke mlango wa chumba chako, mchana wala usiku. Kama kifua kitakuwa kilekile baada ya mwezi, mlinzi wa ghala atakuja, na wewe usilie, umeonywa. Lakini ikitokea amenusa moshi kwenye hayo mapazia hata mara moja, basi atakayeondoka ni mimi. Alisema hivyo akiniangalia usoni. Nikamwambia ni haki.

Baadaye alikaa kwenye kiti kile kile, Karani akaja na mgongo wake wenye mafuta ya nazi akaweka kidevu juu ya mguu wake. Binti alikuwa na sketi nyeusi. Hakuusogeza mguu. Chai yote aliinywa hivyo.

Sasa habari zangu. Nguo zangu na godoro langu vinanuka moshi hata nikivifua, kwa hiyo nimehamia stoo ya nyuma. Usipinge, nimeshatoboa dirisha na mlango nimeuwekea komeo. Hakimu alikuwa ameizoea stoo na hakupenda kupokonywa, tumegawana. Nimejifunza kumchana Karani bila kumwamsha. Manyoya naweka kwenye mfuko wa karatasi, yamepungua. Wiki iliyopita mfuko ulikuwa unajaa kwa siku mbili, huu wa sasa nina siku ya nne nao.

Leo ni siku ya nne pia bila sigara, ukiacha ile nusu. Dada, sikai. Uani nimefagia mara tatu kabla ya chai. Kinyesi cha Karani naokota kabla hakijapoa, maskini sasa ananitazama kwa wasiwasi kabla ya kuchuchumaa. Mikono haijui pa kwenda. Fundi amenipa vitambaa vyake nimpangie kwa rangi, nimevipanga, nimevipangua. Anasema nikiendelea hivi nitamfilisi kwa bidii. Sijui kama nitaweza mwezi. Nimezoea kukwambia naweza, ndiyo maana leo nakwambia sijui.

Lile shuka la zambarau limekufa. Nimekununulia lingine, si zuri kama lile.

Basi njoo. Ukifika usianze kukagua kona, kona nimeshazikagua mpaka zinanijua. Ingia, kaa kwenye kiti chako, vuta pumzi moja, taratibu, mpaka chini kabisa. Mimi nitakuwa nje ya dirisha nimesimama, nasikiliza kama inafika.

Mdogo wako